Mama Mnyauko wa Sapiwi

Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza katika maabara ya Eufrasia Mboje alidhani amekosea mlango na kujikuta jikoni. Palikuwa na jiko la gesi, sufuria ya viazi inayotokota, mwiko, na mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe aliyeinamia mvuke. Viazi vile havikuwa chakula cha mtu. Maji yake yalichujwa, yakatiwa sukari na unga wa kugandisha, yakachemshwa upya mpaka kila kilicho hai ndani yake kife, kisha yakamiminwa kwenye visahani vya kioo yapoe. Juu ya mgando huo Eufrasia aliotesha kuvu zinazoua mipamba, ili azitazame na kuzijua. Wenzake walimtania kwamba kuvu zake zinakula vizuri kuliko watumishi wa kituo, na kwa hali ya miaka ile, utani huo haukuwa mbali na ukweli.

Kituo chenyewe kilikuwa nje ya mji wa Mwanza, lakini Eufrasia alikuwa mtu wa Bariadi, mzaliwa wa Sapiwi, nyumbani kwa mzee Mboje na mkewe Nyanjige. Walikuwa watu wa pamba, ng'ombe, na misa ya Jumapili. Katika watoto wote wa nyumba ile, yeye ndiye aliyekuwa mkimya. Wageni wakibisha hodi, ndugu zake walikimbilia kusalimia. Yeye alikimbilia zizini. Shuleni kwa masista ndiko alikochungulia hadubini kwa mara ya kwanza. Walimwonyesha ngozi ya kitunguu, na alipoona vile vyumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali ya ukuta, alisahau kabisa kwamba nyuma yake kuna foleni, mpaka sista akaja kumbandua pale kwa kumshika sikio. Tangu siku hiyo alijua anachokitaka: kazi ambayo mtu anaachwa peke yake atazame vitu.

Akakipata alichokitaka. Alisoma mpaka Morogoro, akaajiriwa kituoni mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaolewa na mwalimu wa hesabu aitwaye Mayala, wakapata binti yao Jenifer. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyemsumbua. Akiwa na jambo la kusema aliliandika, na waliotaka kujua walisoma.

Kisha likaja soko huria.

Kabla ya hapo pamba yote ya Usukuma ilinunuliwa na ushirika, na ushirika ndio uliorudisha mbegu kwa wakulima. Kulikuwa na utaratibu wake. Kandokando ya ziwa kulikuwa na ugonjwa wa mnyauko tangu zamani, kwa hiyo mbegu za huko hazikuruhusiwa kuvuka kwenda mashariki, Maswa na Bariadi, ambako udongo ulikuwa safi. Wakulima hawakuujali sana utaratibu huo. Walichokijua wao ni kwamba ukipeleka pamba yako ushirika, unapewa karatasi, na karatasi hailiwi. Mwaka 1994 milango ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kuingia vijijini kugombea pamba, mzee Mboje alilipwa papo hapo, mkononi, mbele ya mizani. Alinunua redio mpya, akaitundika kwenye mti wa uani, na kwa wiki nzima jirani zake walisikiliza taarifa ya habari wapende wasipende. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angemlaumu kwa furaha ile.

Miongoni mwa wanunuzi wapya alikuwemo Masele, mwenyeji wa Binza kule Maswa, aliyewahi kuwa karani wa ushirika. Alikodi jineri kuukuu, kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu, akaifufua kwa vyuma vya kuokoteza na maneno matamu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyejua majina ya wakulima na majina ya mafahali wao. Nyuzi zilipakiwa kwenda kuuzwa nje. Mbegu zilimwagwa ghalani, za ziwani na za mashariki pamoja, na msimu ulipofika zikarudi mashambani bila mtu kuuliza zimetoka wapi. Wanunuzi wengine walifanya vivyo hivyo. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa anakimbizana na mwenzake, na mtu anayekimbia hana muda wa kupanga magunia.

Februari ya mwaka wa tatu wa soko huria, Eufrasia alikwenda nyumbani kwa likizo. Baada ya salamu alizunguka shambani na baba yake, kama walivyozoea. Katikati ya mipamba iliyostawi aliona mche mmoja umelegea, majani ya chini yamepata manjano kingoni. Hatua chache mbele, mwingine.

"Ni jua," alisema mzee Mboje. "Mwaka huu jua ni kali."

"Jua lingeichoma yote, baba. Lisingechagua mmoja na kumwacha jirani yake."

Alirudi nyumbani, akachukua kisu, akaung'oa mche ule na kulikata shina lake kwa mshazari. Ndani, chini ya gome, kulikuwa na pete ya rangi ya kahawia, iliyokamilika, kama imechorwa kwa kalamu. Alikuwa ameiona pete ile mara nyingi mno, lakini daima kwenye mashina yaliyoletwa kutoka ziwani. Hakuwahi kuiona Sapiwi.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake. "Ng'wanone, mwanangu, hicho ni kisu changu cha mboga."

"Nitakiosha, mayu."

"Utakichemsha," alisema Nyanjige, ambaye hakuwahi kusoma lakini aliijua sura ya binti yake ikiwa na habari mbaya.

Eufrasia alirudi Mwanza na kapu la mashina. Alipika viazi vyake, akaandaa visahani, akapanda vipande vya shina, akasubiri. Ikaota kuvu nyeupe kama pamba yenyewe, kisha mgando ukaanza kugeuka zambarau. Chini ya hadubini vikaonekana vijimbegu vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Havikuacha shaka yoyote. Alifurahi kama anavyofurahi mtaalamu aliyepata jibu, na furaha ile ilidumu kitambo kabla hajakumbuka kwamba jibu lenyewe limetoka shambani kwa baba yake. Hapo akakaa kwenye kiti.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Danford, Mpare mmoja mwembamba, mpole, aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alichungulia hadubini, akavua miwani, akaifuta.

"Andika ripoti, mama."

Eufrasia akaandika. Ripoti ikapelekwa juu, na huko juu ikakaa. Msimu uliofuata mnyauko ulionekana katika vijiji vingine vya Bariadi, na baada ya hapo Maswa. Eufrasia akaandika ripoti nyingine, ndefu zaidi, yenye picha. Nayo ikakaa.

Hatimaye uliitishwa mkutano wa wadau wa pamba mjini Bariadi, siku hizo Bariadi ikiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga na mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Danford ndiye aliyepaswa kuhutubia, lakini malaria ilimwangusha, akamtuma Eufrasia badala yake. Kwa Eufrasia ilikuwa kama kuambiwa akarushe ndege ambayo hajui kuiendesha. Alipitia Sapiwi asubuhi, akang'oa mashina kadhaa akayatia kwenye gunia bila kujua atayafanyia nini, kisha akaingia ukumbini na makaratasi yake.

Alisoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ndogo, kila neno mahali pake, na majina ya Kilatini, hata lile la kuvu ya mnyauko, hayakumshinda. Alipoinua macho mara ya kwanza, diwani mmoja alikuwa amelala mdomo wazi. Alipoinua mara ya pili, walikuwa wanne. Alipomaliza, Masele wa Binza alinyoosha mkono, akasimama taratibu na kuvuta suruali yake juu ya tumbo.

"Wabeja sana, tunashukuru, mtaalamu. Mimi nina swali dogo tu. Huyu Fuzari uliyemtaja, anayeharibu mashamba ya watu. Ni mwenyeji wa wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka waliolala wakaamka wakacheka bila kujua sababu. Eufrasia alianza kupanga upya makaratasi yake. Mwenyekiti akamwokoa kwa kutangaza chai.

Alitoka nyuma ya ukumbi, akasimama karibu na gari, na wazo la kwanza lilikuwa kumwambia dereva awashe. Gunia la mashina lilikuwa pale kwenye kiti cha nyuma. Alilitazama. Kisha akajikaza, akalibeba, akarudi ndani watu wakiwa bado na vikombe mkononi, na hakwenda kule mbele kwenye kipaza sauti. Alisimama katikati yao.

"Mwangaluka," alisema kwa Kisukuma.

Wakaitikia, kwa mshangao kidogo.

"Mwenye kisu mfukoni akitoe."

Wafugaji na wakulima wangekosaje visu? Aligawa mashina, akawaonyesha pa kukata. Kwa muda ukumbi ule ulikuwa kama bucha. Waliokata wakaiona ile pete ya kahawia, wakaonyesha jirani zao, na jirani wakadai nao wakate. Eufrasia alizungumza kwa lugha ya nyumbani kwao, bila karatasi. Kuvu hii inakaa kwenye udongo. Inaingia kwa mizizi, inapanda kwenye mishipa ya maji na kuiziba. Mche unakufa kiu huku umesimama kwenye udongo wenye maji. Ikishaingia shambani haitoki. Mtoto wako atairithi pamoja na shamba.

"Inafikaje shambani?" aliuliza mama mmoja mkulima aliyekaa mlangoni.

"Kwa mbegu."

Ukumbi ukageuka kumtazama Masele. Masele alikuwa ameshika shina lake, analigeuzageuza.

"Msinitazame mimi peke yangu," alisema baadaye. "Tuko wengi." Akaliweka shina chini. "Lakini ni kweli. Mbegu zangu zote ni lundo moja. Hata leo ukiniuliza ipi ni ya wapi, sijui."

Njiani kurudi Mwanza Eufrasia aligundua kwamba amesema kwa zaidi ya saa nzima mbele ya watu, na hajachoka. Jambo hilo lilimtisha kuliko mkutano wenyewe.

Danford alimpokea sebuleni kwake, amejifunika blanketi mchana kweupe.

"Nimesikia umeugeuza mkutano wangu bucha."

"Samahani, mzee."

"Samahani ya nini? Nahitaji mratibu wa utafiti wa pamba kanda nzima. Mtu wa kuwaunganisha watafiti, wanunuzi na wakulima. Nataka uwe wewe."

"Mzee, mimi ni mtu wa maabara. Wapo wanaoitaka kazi hiyo."

"Wapo. Na wote wanaitakia gari."

Aliomba akafikiri. Mayala alipoisikia habari hiyo mezani alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Mama Jenifer, si ndiye wewe uliyejificha stoo shemeji zako walipokuja?"

"Nilikuwa natafuta mchele."

"Asubuhi nzima?" Kisha akaacha kucheka, akamtazama vizuri. "Lakini tangu urudi kutoka Bariadi unaongea mpaka usingizini. Kajaribu."

Alikubali kwa sharti kwamba asubuhi zake zibaki za maabara na mikutano ije mchana. Sharti hilo halikumaliza hata mwezi. Mikutano haijui saa. Siku moja, aliporudi kutoka safari ya Kiloleli kule upande wa ziwa, alifungua kabati la visahani na kukuta vyote vimeota ukungu wa kijani, ule unaoota hata kwenye mkate. Kazi ya miezi imeoza kwa sababu hakuna aliyeifunika vizuri. Alivimwaga, akaviosha kimoja kimoja, na machozi yakamtoka kidogo, ingawa baadaye alidai ni dawa ya kuoshea vyombo.

Ofisini nako mambo yalikuwa na vituko vyake. Kituo kilikuwa na gari moja zima. Maduhu, mtaalamu wa wadudu, alilitaka kwenda kuhesabu funza wa pamba. Benedikta, mtaalamu wa mbegu, alilitaka kukagua mashamba yake ya majaribio. Walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi ambao wenyewe hawakuukumbuka vizuri, na kila mmoja alikuja kivyake kumweleza Eufrasia jinsi kazi ya mwenzake isivyo na haraka. Mwanzoni Eufrasia aliwasikiliza wote wawili na kumpa haki yule aliyeondoka wa mwisho. Baadaye alitandika ramani mezani, akaona mashamba yao yamefuatana kwenye barabara moja. Akawaambia waende pamoja, mbele akae dereva na mzigo, wao wakae nyuma. Walikwenda, wakarudi, hawakusemeshana hata neno njia nzima, lakini kila mmoja alirudi na kazi yake imekamilika. Eufrasia aliona hayo ni mafanikio, na hakujaribu kuwapatanisha.

Jambo gumu lilikuwa mbegu. Kila mtu alikubali kwamba mbegu za mashariki zitengwe, na hakuna aliyezitenga. Eufrasia aliwapelekea wanunuzi maelezo, akawaitia semina, wakaja, wakakubali kwa vichwa, wakala, wakaondoka. Mwishowe akafunga safari kwenda Binza, nyumbani kwa Masele, bila karatasi yoyote. Mke wake, Esteria, aliwawekea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa, pamoja na maziwa mgando. Eufrasia alikula kwanza. Alikuwa ameanza kujifunza.

"Ngosha," alisema, akimwita kwa heshima ya Kisukuma, "sikuja kukuambia ufanye nini. Nimekuja unieleze kinachokushinda."

Masele alifuta mikono. "Mashine, mtaalamu. Nikichambua ya ziwani leo, kesho nikichambua ya Bariadi, lazima nisimamishe mitambo niisafishe yote, kila kona. Mbegu inajificha mle ndani kama panya. Nikisimama kusafisha, jirani yangu anachambua, na wakulima wanahamia kwake. Nitasimama mara ngapi kwa msimu?"

"Na msimu unapoanza, mitambo inakuwaje?"

"Msimu ukianza ni misafi, imekaa miezi, fundi ameifungua yote..." Kiazi cha Masele kikakwama njiani kwenda mdomoni.

"Tukianza na ya Bariadi," Eufrasia alisema. "Nyie wote. Majuma ya kwanza ya msimu, pamba ya mashariki tu. Mbegu yake inatoka, inafungwa kwenye magunia, inaondolewa ghalani kabla gunia moja la ziwani halijaingia. Baada ya hapo chambueni mnavyotaka. Husimamishi mashine hata siku moja."

"Na wa ziwani watakubali kungoja?"

"Hao niachie mimi."

Hakujua atawafanyaje, lakini alikwishasema. Ilimchukua miezi ya kuzunguka, kunywa soda na chai ambazo hakuzitaka, na kusikiliza malalamiko ambayo hayakuhusu pamba kabisa: jineri hii ina ugomvi na ile kuhusu mpaka wa kiwanja, huyu hakualikwa kwenye harusi ya yule. Kiloleli wakulima walimwambia wazi kwamba hawaoni kwa nini wao wangoje ili Bariadi wapone. Hakuwabishia. Alimchukua Benedikta akawaeleza juu ya aina ya mbegu inayovumilia mnyauko, iliyokuwa imekaa kituoni bila mpango wa kuwafikia, na akaahidi kwamba wakiruhusu Bariadi watangulie, wao ndio watakaotangulia kupata mbegu hiyo. Benedikta alisema mbegu haitoshi. Eufrasia alimwambia aongeze shamba. Benedikta alinuna juma zima, kisha akaongeza shamba.

Mpango ulianza. Maabara sasa ilikuwa mikononi mwa Flora, binti mdogo aliyetoka Morogoro juzijuzi, mkali wa macho na mchache wa maneno. Yeye ndiye aliyepima sampuli za magunia yote yaliyotengwa kwa Bariadi. Mengi yalikuwa safi. Magunia ya mnunuzi mmoja hayakuwa safi. Alikuwa ameona wenzake wanangoja kununua pamba ya ziwani, akaona ni nafasi, akachanganya.

Flora alileta habari hiyo ofisini. Eufrasia alisimama hapohapo. "Ngoja nivae koti nikapime tena mwenyewe."

"Nimeshapima tena, dada."

"Najua, lakini mimi nimezitazama kuvu hizi miaka mingi. Nikikaa pale siku mbili tatu tu..."

"Dada Eufrasia," Flora alisema kwa adabu, lakini hakumpisha mlangoni. "Ukikaa pale siku mbili, nani atakwenda kumwambia yule bwana? Mimi siwezi. Kupima naweza."

Eufrasia alibaki na mkono mmoja kwenye koti jeupe lililokuwa limetundikwa ukutani. Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaliacha koti. "Niletee basi visahani vyenyewe," alisema. "Navipeleka."

Alivipeleka. Yule mnunuzi alikuwa mtu wa kupandisha sauti, akapandisha, akasema watu wa serikali hawajui biashara. Eufrasia alimwacha mpaka akamaliza, akavipanga visahani juu ya meza yake, vile vya rangi ya zambarau, akamweleza kwa upole kwamba mbegu zake haziwezi kwenda Bariadi na wanunuzi wenzake wameshakubaliana hivyo. Masele alikuwa amefuatana naye, akaketi pembeni akijipepea kwa kofia.

"Zipeleke kwenye kinu cha mafuta," Masele alimshauri mwenzake. "Mafuta hayanyauki. Mimi mwenyewe nitakuonyesha mtu wa kuzinunua."

Bwana yule alinung'unika, lakini akazipeleka. Mwaka uliofuata alitenga kama wengine, na kwenye kikao akadai kwamba wazo lenyewe lilikuwa lake. Eufrasia hakumkosoa.

Mnyauko haukuisha. Ulipokwisha kuingia, ulikuwa umeingia. Mzee Mboje ilimbidi aliache lile shamba la katikati, akapanda mtama, na kwa muda alilalamika kama mtu aliyeibiwa. Lakini mashamba mapya yaliyougua yakawa machache, mwaka hadi mwaka. Sapiwi na vijiji jirani vikaendelea kulima pamba, na wakulima wakaanza kumwita Eufrasia Mama Mnyauko. Jina hilo lilimkera miezi miwili, kisha akaanza kuliitikia. Danford alipostaafu, watu wa wizarani walipiga simu kuuliza nani anafaa kukiongoza kituo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo kile, Maduhu na Benedikta walitaja jina moja.

Siku chache baada ya Eufrasia kukalia kiti hicho, mama yake alikuja Mwanza kumsalimu. Nyanjige alikuwa amevaa vitenge vipya, na alitaka aone mwenyewe binti yake anafanya kazi gani. Siku hiyo kulikuwa na kikao. Eufrasia hakuwa na pa kumwacha, akamwekea kiti karibu na dirisha. Bibi akakaa, akafumbata mikono juu ya mapaja, akafuata mambo kama yuko barazani.

Walijadili maji ya bomba la maabara, nyumba za watumishi, ng'ombe wa jirani aliyekula shamba la majaribio, na safari ya Flora kwenda masomoni, ambayo wawili waliipinga na Eufrasia akaipigania mpaka ikapita. Sauti zilipanda, zikashuka. Mtu mmoja alitoka kwa hasira, akarudi baadaye kwa sababu alisahau miwani. Habari ya ng'ombe ilipofika, Nyanjige alishindwa kuvumilia, akauliza ni wa rangi gani na kama mwenyewe ameitwa, na kikao kikaona ni swali la maana, wakakubaliana mwenyewe aitwe.

Walipotoka, mama na binti walitembea chini ya kivuli cha miti kuelekea nyumbani kula.

"Kwa hiyo kazi yako," alisema Nyanjige, "ni kukaa na watu wakigombana mpaka wachoke."

"Ndiyo, mayu. Karibu yote."

"Na vile vidudu vyako vya kwenye vioo?"

"Anavyo Flora. Yule binti mwembamba aliyekaa mwisho."

Nyanjige alitembea hatua kadhaa akifikiri. "Ulipokuwa mdogo sikudhani utaweza kukaa na watu. Nilimwambia baba yako, huyu tumtafutie mume asiye na ndugu wengi."

Eufrasia alicheka kwa sauti, mpaka mlinzi wa getini akageuka kutazama, na bado alikuwa anacheka walipofika mlangoni, ambako Mayala alikuwa ameshapakua ugali na mlenda, anawangoja.